Gendia na Kamagambo: Miaka 120 ya Kusoma kwa Lugha Mbili

Mwezi wa Novemba mwaka 1906 wanaume wawili walishuka ufukoni mwa Ghuba ya Winam, upande wa Karachuonyo, wakapanda kilima cha Gendia kinachoutazama mji wa Kendu Bay. Arthur Carscallen alikuwa Mkanada ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Mwenzake, Peter Nyambo, alikuwa mtu wa Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi. Wote wawili walikuwa wametoka katika chuo cha Waadventista Wasabato jijini London. Walikuja kufungua misheni, na kwa imani yao misheni haikuwa misheni bila shule. Ifikapo Novemba 2026, shule iliyotokana na ujio wao itakuwa imetimiza miaka 120, na dada yake Kamagambo, iliyoanzishwa mwaka 1913 karibu na Rongo, itakuwa na miaka 113. Gendia leo iko kaunti ya Homa Bay, Kamagambo iko Migori, lakini wakati huo yote ilikuwa Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini, na wazee wengi wa huko bado huizungumzia kama nchi moja.

Historia za misheni mara nyingi humtaja Nyambo kwa sentensi moja, kisha huendelea na Mzungu. Mimi naona shule hii haieleweki vizuri bila yeye. Fikiria hali yake: lugha yake ya nyumbani ilikuwa ya kusini mwa Ziwa Nyasa, Kiingereza alikuwa amejifunza baadaye, na sasa amefika mahali ambapo lugha zote mbili hazimsaidii kuomba maji. Alipaswa kuanza upya, akiwa mwanafunzi wa watoto aliokuja kuwafundisha. Hakukaa miaka mingi Gendia. Mwaka 1914 alikuwa tena London, safari hii akiwa amebeba ombi la kudai haki za watu wa Nyasaland na Rhodesia, alilokusudia limfikie mfalme. Kiingereza alichofundishwa ili aisome Biblia alikitumia kuisomea dola mashtaka yake. Watu wa Nyanza Kusini waliofuata nyayo zake kwa namna hiyo, bila hata kumjua, ni wengi.

Dholuo wakati huo haikuwa na Injili iliyochapwa. Hapakuwa na kitabu cha kumpa mtoto, kwa hiyo kazi ya kwanza ya shule ilikuwa kutengeneza kile kitakachosomwa. Carscallen alijifunza lugha hiyo kutoka kwa wenyeji, akaandika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya sarufi ya Dholuo, na akatafsiri sehemu za Agano Jipya. Mwaka 1913 ukawekwa Gendia mtambo mdogo wa uchapaji. Hebu tuone uzito wa jambo hilo: kijiji cha wavuvi na wakulima, mwendo wa meli kutoka Kisumu, kinachapa vitabu vyake chenyewe kwa lugha yake chenyewe, mwaka mmoja kabla ya Vita Kuu. Mtambo huo ndio uliokua ukawa nyumba ya uchapishaji ya Africa Herald, ambayo imeendelea kuwa Kendu Bay. Agano Jipya zima kwa Dholuo lilitoka mwaka 1926, na Biblia kamili mwaka 1953, kazi iliyohusisha makanisa kadhaa. Lakini kizazi cha kwanza cha wasomaji wa Karachuonyo kilianza na karatasi zilizonukia wino wa Gendia.

Kuandika Dholuo hakukuwa jambo la kukaa chini asubuhi na kuinuka jioni. Lugha hii ina irabu tisa kinywani, na alfabeti ya Kilatini ina herufi tano tu za irabu. Walioanza kuiandika waliamua kubanana na hizo tano, na msomaji akaachiwa kazi ya kujua, kutokana na maana ya sentensi, ni irabu ipi inayotakiwa. Mtoto wa Kijaluo hana taabu nayo, kwa sababu lugha anayo tayari. Mgeni ndiye hujikwaa. Kisha kuna konsonanti. Herufi t na th katika Dholuo ni sauti mbili tofauti kabisa: moja ulimi uko kwenye ufizi, nyingine ulimi unagusa meno, na hivyo hivyo kwa d na dh. Mtoto akishaizoea th ya kwao, anafungua kitabu cha Kiingereza na kuikuta th ile ile ikisomwa kwa namna mbili. Anapofika kwenye Kiswahili anakutana na sh na z, sauti ambazo Dholuo haina, na neno shamba linamtoka kama samba. Mwalimu aliyezijua lugha zote tatu aliliona kosa hilo kabla halijafika. Alijua ni wapi pa kusimama, aweke ulimi wake mahali watoto wanaweza kuuona, arudie. Mwalimu asiyejua Dholuo alimpa mtoto kiboko na kumwita mzembe.

Hapo ndipo ilipo falsafa ya shule hizi, ingawa waanzilishi wake wangeieleza kwa maneno ya dini. Waadventista waliamini kwamba kila muumini anapaswa kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na kwamba neno lililosomwa kwa lugha usiyoielewa halijasomwa. Waliojiunga na misheni za Nyanza waliitwa josomo, wasomaji. Kusoma na kuamini vilikwenda pamoja hata mtu hangeweza kuvitenganisha. Juu ya hilo walikuwa na mafundisho ya Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, ambaye kitabu chake Education kilitoka mwaka 1903, miaka mitatu tu kabla ya Gendia. Yeye alisisitiza kwamba elimu ni ya mwili, akili na roho kwa pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi alishika jembe na randa pia, na shamba la shule halikuwa adhabu bali somo. Wazazi hawakulipenda somo hilo sikuzote. Mzazi wa Karachuonyo aliyemtoa mwana wake kwenye ng'ombe hakumtoa ili akalime kwa Mzungu. Alimtoa ili ajue karatasi.

Vita vilipofika viliharibu mengi kwa muda mfupi. Wajerumani waliingia Kisii mwezi wa Septemba 1914, na baada ya mapigano ya tarehe 12 vituo vya misheni vya eneo hilo vikaporwa. Wamisionari waliondoka, wakarudi, wakaanza tena.

Kamagambo ndiyo iliyopata sura ya chuo. Gendia ilibaki mama, yenye kanisa, mtambo na shule ya watoto, na Kamagambo ikawa mahali pa kufundisha walimu watakaotawanyika katika shule za vijijini, zile za paa la nyasi na ubao mmoja. Mwalimu wa namna hiyo aliondoka Kamagambo akiwa na kitabu cha Dholuo mkono mmoja na cha Kiingereza mkono mwingine, akapangiwa kijiji, na huko akawa ndiye mhubiri, karani wa barua za wanakijiji, na msuluhishi wa ugomvi wa mipaka. Madarasa ya chini aliyafundisha kwa Dholuo. Kiingereza kiliingia kadiri mtoto alivyopanda. Kiswahili kilikuwa katikati, lugha ya soko, ya polisi, ya wafanyabiashara Waislamu wa Kendu Bay, na ya yeyote aliyetaka kwenda kufanya kazi kwenye reli au mashamba ya Wazungu.

Serikali ya kikoloni haikuwa na uamuzi thabiti kuhusu lugha. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika pekee katika msafara ule. Tume ilipendekeza mtoto aanze kwa lugha ya kwao, kisha lugha ya Ulaya ifuate. Mwaka 1927 London nayo ikatoa waraka wake kuhusu nafasi ya lugha za wenyeji shuleni. Kwa karatasi, kwa hiyo, Gendia ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka 20. Lakini Waafrika wengi waliisoma sera hiyo kwa jicho la wasiwasi, na nadhani walikuwa na haki. Waliona kwamba watoto wa Wazungu na wa Wahindi hawafungiwi katika lugha ya kijiji. Waliona kwamba mshahara, ofisi na sheria viko kwa Kiingereza. Mkutano wa Wajaluo ulioitwa Piny Owacho, uliofanyika Gem mwezi wa Desemba 1921, ulitaja kodi na kipande, kile kitambulisho cha kazi, na pia ulidai shule ya serikali. Mtu aliyeambiwa kuwa lugha yake inamtosha, na anayemwambia hivyo ndiye anayeshika ufunguo wa lugha nyingine, lazima aulize maswali.

Kwa hiyo darasani palikuwa na nguvu mbili zikivutana. Mmisionari alitaka Dholuo kwa sababu ya Injili. Mzazi alitaka Kiingereza kwa sababu ya maisha. Mwanafunzi alisimama katikati, na wale waliokuwa hodari zaidi walikataa kuchagua. Wakachukua zote.

Hakuna aliyefanya hivyo kwa uwazi zaidi ya Paul Mboya. Alisoma kwa Waadventista, akawa mwalimu, akawekewa mikono kuwa mchungaji, na mwaka 1935 akawa chifu wa Karachuonyo. Miaka mitatu baadaye, 1938, kikatoka kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi, juu ya mila na desturi za Wajaluo, kilichoandikwa kwa Dholuo. Ujasiri wa kitabu hicho hauonekani upesi leo. Mchungaji wa kanisa lililokuwa likiwaambia waumini waache mengi ya mababu aliketi na kuyaandika mambo hayo hayo: ndoa, mazishi, kilimo, ibada za nyumba, mpangilio wa boma, nani huanza kupanda na nani hufuata. Aliyaandika kwa lugha ya waliokuwa wakiyaishi, kwa hiyo wao ndio waliokuwa wasomaji wake wa kwanza na waamuzi wake. Hakuwa akimpelekea Mzungu taarifa. Wazee waliosoma au kusomewa wangeweza kusema hapa umekosea, sisi huku Kanyamwa hatufanyi hivyo. Hadi leo katika kesi za mazishi na urithi kitabu hicho hutajwa nyumbani kama mtu anavyomtaja shahidi.

Na hakuishia kwenye Dholuo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mboya alichapisha kwa Kiswahili historia ya utawala wa mitaa wa Nyanza Kusini kuanzia 1926 hadi 1957. Mtu mmoja, lugha moja kwa mila, nyingine kwa mambo ya baraza na bajeti, na Kiingereza kwa barua za serikali. Nalipenda hasa lililotokea baadaye: mwaka 2001 Luo Kitgi gi Timbegi ikatafsiriwa kwa Kiingereza na Jane Achieng. Kwa karibu miaka 100 tafsiri katika nchi hii zilikuwa zikishuka kutoka Kiingereza kuja Dholuo. Hii ilipanda. Kama kuna jambo moja la kuandikwa kwenye ukuta wa Gendia siku ya maadhimisho, liwe hilo.

Mwingine ni mtoto wa Kanyadhiang, kijiji kilicho nje kidogo ya Kendu Bay, mwana wa Hussein Onyango Obama. Dunia inamjua Barack Obama wa kwanza kwa sababu ya mwanawe aliyekuwa rais wa Marekani. Wachache wanajua kwamba alianza masomo Gendia, kabla familia haijahamia Siaya na yeye kuendelea Ng'iya na Maseno. Wachache zaidi wanajua vitabu vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi Nairobi na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa akiendesha kisomo cha watu wazima, na katika kazi hiyo akaandika kwa Dholuo mfululizo wa vitabu vidogo vitatu, Otieno Jarieko, vilivyotolewa na East African Literature Bureau mwaka 1959. Otieno ni mtu mwenye akili. Kitabu cha kwanza kinahusu afya, cha pili ukulima, cha tatu uraia. Mwaka huo huo mwandishi akapanda ndege kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii. Kijana aliyekuwa akijiandaa kusoma uchumi kwa Kiingereza ng'ambo ya bahari alitumia miezi yake ya mwisho nyumbani kumweleza mkulima wa Nyanza, kwa lugha ya mkulima huyo, jinsi ya kuishi vizuri. Sioni namna bora ya kueleza maana ya shule ya lugha mbili iliyofanikiwa.

Wasichana walichelewa kufikiwa, na waliofika walilazimika kupigana zaidi. Phoebe Asiyo, aliyezaliwa 1932 na kulelewa katika nyumba ya Kiadventista huko huko Karachuonyo, akawa mwaka 1958 mwanamke wa kwanza Mwafrika kuongoza shirika la Maendeleo ya Wanawake, kisha mbunge wa Karachuonyo kuanzia uchaguzi wa 1979. Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi. Ikaangushwa. Katiba ya 2010 ikaja na mengi ya aliyokuwa akiyadai. Yeyote aliyewahi kumsikia akihutubia atakumbuka jinsi alivyohama kutoka Dholuo kwenda Kiswahili kwenda Kiingereza bila kupoteza uzi, kila kundi la wasikilizaji likipata fungu lake.

Sherehe ya miaka 120 isiyotaja deni la shule hizi itakuwa nusu sherehe. Magharibi ya Homa Bay, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na kwenye bara la Kaksingri na Gwassi, wanaishi Wasuba. Lugha yao ya asili ni ya Kibantu, jamaa ya Kikuria na Ekegusii. Ndoa na Wajaluo, biashara ya samaki, na kukaa jirani kwa vizazi vilikuwa vimeanza kuihamisha jamii kwenda Dholuo kabla ya mmisionari yeyote. Lakini shule na kanisa vilimalizia. Vitabu vilikuwa kwa Dholuo, mwalimu alitoka chuo alikofundishwa kwa Dholuo, nyimbo zilikuwa kwa Dholuo, na mtoto wa Kisuba aliambiwa kwamba hiyo ndiyo lugha yake ya mama. Hakuna aliyekusudia kuua kitu. Sera ilisema mtoto aanze na lugha ya kwao, na aliyepanga hakwenda kisiwani kuuliza ni ipi. Leo Kisuba kinasemwa zaidi na wazee, ingawa Mfangano kuna kituo cha Ekialo Kiona ambacho redio yake imekuwa ikitangaza kwa lugha hiyo. Upande wa Migori hali ni ngumu kwa namna nyingine: Kuria wana lugha yao, na katika Isebania, Awendo na mji wa Migori wenyewe darasa moja laweza kuwa na watoto wa Kijaluo, Kikuria, Kikisii, Kiluhya na Kisomali. Pale Kiswahili ndicho lugha ya uwanja wa mpira, na mwalimu mwenye busara huanzia hapo.

Uhuru ulipokuja, mizani ililalia upande wa Kiingereza. Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza, na mwenyekiti wake, Simeon Ominde, alikuwa msomi wa Kijaluo aliyekuwa ameandika kitabu juu ya malezi ya msichana wa Kijaluo. Hakuwa mtu wa kudharau kwao. Taifa changa lilitaka watoto wake wote wasimame mstari mmoja, na ukabila ulitisha. Tume ya Gachathi ya 1976 ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na hapo Nyanza Kusini ikaanza kukichukua kwa dhati. Kwa hiyo, tangu Gachathi, sera ya lugha ya kwanza iko kwenye vitabu kwa karibu miaka 50.

Darasani hali ni tofauti. Mtu yeyote aliyesoma Kenya anaijua diski: kipande cha ubao, kibao au mfupa, anachovishwa anayekamatwa akizungumza lugha ya kwao, naye akavizie mwenzake amvishe. Jioni aliyebaki nacho huadhibiwa. Nimeona watoto wa gredi ya pili Rachuonyo wakinyamaza kabisa uwanjani, wameona mwalimu anakuja, kwa sababu Kiingereza chao hakijatosha kucheza nacho. Mwalimu huyo huyo, akirudi ndani na kuanza somo la hisabati, husema kwa Kiingereza, anaona macho ya watoto yamekufa, anashusha sauti na kulieleza kwa Dholuo, nyuso zinafunguka, kisha anarudi kwa Kiingereza kuandika ubaoni. Anafanya hivyo kwa wizi, kana kwamba anavunja sheria, ilhali hiyo ndiyo sheria. Walimu wa kwanza wa Kamagambo walifanya hivyo hadharani na walifundishwa namna ya kufanya hivyo.

Siku hizi swali limepata upande mwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwezi wa Desemba 2005, ya kwanza barani Afrika, na mwaka 2019 Taasisi ya Kukuza Mitaala Kenya ikatangaza kwamba Kichina kitafundishwa kama somo la hiari kuanzia gredi ya nne. Wazazi wenye uwezo huko Homa Bay na Migori wanauliza shule za kibinafsi kama somo hilo lipo. Wengine wanacheka na kusema mtoto hajakijua Kiingereza, Kichina cha nini. Nawaelewa wote wawili, ila kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa. Kichina ni lugha ya toni: silabi moja ikitamkwa kwa kupanda, kushuka, kulala au kujikunja inakuwa maneno manne. Mwanafunzi Mwingereza kutoka London huteseka miezi na miezi kusikia tofauti hizo. Dholuo nayo ni lugha ya toni. Mtoto wa Karachuonyo anatumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maneno, na hata kutenganisha kitendo kilichokwisha na kinachoendelea, tangu alipoanza kuongea. Sikio lake limefunzwa tayari, na aliyemfunza ni bibi yake.

Ajabu ni kwamba maandishi ya Dholuo, yale yaliyoanzia kwenye mtambo wa Gendia na wenzake, hayaonyeshi toni hata kidogo. Wachina, walipopitisha pinyin mwaka 1958 ili kuwasaidia watoto wao kuingia kwenye kusoma kwa herufi za Kilatini kabla ya kuzama katika maandishi yao yenyewe, waliweka alama za toni juu ya irabu. Mwalimu wa Kichina anayekuja Nyanza na asijue hili ataanza na watoto wake kama vile anaanza na watoto wa London. Mwalimu wa Dholuo asiyejua hili atamwachia mtoto aamini kwamba lugha ya nyumbani inamrudisha nyuma. Ujuzi wa kuwaunganisha wawili hao haujafundishwa popote, na mahali pa haki pa kuufundishia ni katika vyuo vya walimu vya eneo hili, vile vilivyorithi kazi ya Kamagambo.

Ndiyo maana natamani maadhimisho haya yawe na kazi mbali na hotuba. Vitabu vya mwanzo vilivyochapwa Gendia vikusanywe kutoka majumbani na kwenye makabati ya makanisa kabla mchwa hawajavimaliza, na Otieno Jarieko pamoja navyo. Kitengenezwe kitabu cha gredi ya kwanza cha Kisuba, na wazee wa Mfangano walipwe kama waandishi. Tume ya Huduma za Walimu, ambayo kuanzia 2018 ilikuwa ikiwahamisha walimu mbali na kaunti zao hadi sera hiyo ilipopingwa na kulegezwa, ikubali kwamba katika gredi tatu za kwanza mwalimu anayeijua lugha ya mtoto ni kifaa cha kufundishia sawa na kitabu, na impange kwa kuzingatia hilo. Na kila chuo cha walimu Nyanza Kusini kiwe na somo la namna ya kuhama kutoka lugha moja kwenda nyingine ndani ya kipindi kimoja: lini, kwa neno gani, na kwa sababu gani, likitahiniwa kama masomo mengine.